Mlango wa dereva unashuka: bawaba zimechoka au nguzo imepasuka?

Swali
Ndugu zangu, naomba ushauri. Gari langu la milango miwili lina umri wa miaka 16, na mlango wa dereva umeshuka upande wa kitasa, hata sharti niunyanyue kwa mkono ndipo ufunge. Fundi mmoja alikishusha kidogo kile chuma cha kwenye nguzo ya nyuma ya mlango ambacho komeo hukikamata. Mlango ukafunga vizuri kwa wiki mbili, kisha tatizo likarudi. Je, nibadilishe bawaba zote mbili? Na je, mlango wa namna hii bado utanikinga gari likigongwa ubavuni?

Jibu la kwanza
Pole, ndugu. Kabla hujanunua chochote, fungua mlango kidogo, ushike chini ya ukingo wa upande wa kitasa, kisha uunyanyue na kuushusha taratibu huku mwenzako akimulika bawaba kwa tochi. Pini ikicheza ndani ya tundu lake, bushi, yaani pete ndogo zinazoizunguka pini, zimelika, na mara nyingi hizo hubadilishwa bila kununua bawaba nzima. Bawaba yote ikisogea juu ya bati, bolti zimelegea. Lakini bati la nguzo ya mbele, iliyofungwa bawaba, lenyewe likibonyea na kurudi, au ukiona ufa mwembamba kama unywele kwenye rangi kuzunguka bolti, ugonjwa umo kwenye nguzo na bawaba mpya haitaponya kitu. Mlango wa gari kama lako ni mrefu na mzito, kwa hiyo huivuta bawaba ya juu kwa nguvu kila unapofunguliwa.

Jibu la pili
Kukihamisha kile chuma kulificha ugonjwa tu, na jambo hilo linanisikitisha, kwa sababu komeo lisilokaa sawasawa linaweza kuachia wakati wa ajali. Kanuni ya Marekani inayoitwa FMVSS 206 inataka bawaba za mlango wa ubavuni zihimili nguvu ya niutoni 11,000 zikivutwa kwa urefu wa gari, na 9,000 zikivutwa kuelekea nje, ili mlango usifunguke na abiria akatupwa. Boriti ya chuma iliyomo ndani ya mlango nayo hupeleka sehemu ya kishindo kwenye nguzo kupitia bawaba na komeo. Vikiwa vimelegea, kinga hiyo hupungua.

Muulizaji
Ahsanteni sana. Nimepima: pini ya bawaba ya juu inacheza, na chini ya bolti ya bawaba ya chini pana ufa wa urefu wa ukucha. Je, uchomelewe kwa juu?

Jibu la tatu
La, usikubali. Mlango na bawaba vitolewe, kutu ikwanguliwe mpaka chuma safi kionekane, na ufa ufuatwe hadi unapoishia, kwani huenda umeendelea ndani kusikoonekana. Nguzo za magari mengi zina chuma kigumu ambacho joto la kuchomelea hukidhoofisha, kwa hiyo fundi bodi afuate maelekezo ya mtengenezaji wa gari kuhusu mahali panaporuhusiwa kuchomelewa. Bushi zibadilishwe baada ya nguzo kutengenezwa, si kabla.