Mjadala: Je, José Berríos alistahili kutolewa baada ya mipira 47?

Mleta mada

Ndugu zangu mnaofuatilia besiboli, hasa ninyi mlioko hapa Toronto na miji ya jirani, naomba tulijadili kwa utulivu jambo ambalo limeninyima usingizi tangu Jumatano, tarehe 4 Oktoba 2023. Timu yetu ya Blue Jays imetolewa na Minnesota Twins katika hatua ya kwanza ya mtoano, kwa kufungwa michezo miwili mfululizo kule Minneapolis, wa kwanza kwa 3–1 na wa pili kwa 2–0. Kufungwa nimekuzoea. Kinachoniuma ni uamuzi uliofanyika mwanzoni mwa duru ya nne ya mchezo wa pili, wakati kocha wetu John Schneider alipotoka taratibu kwenye benchi, akauchukua mpira mkononi mwa José Berríos na kumpa Yusei Kikuchi.

Kwa wale ambao wamelelewa na mpira wa miguu kama nilivyolelewa mimi, naomba nieleze kidogo. Mrushaji ndiye anayeushika mchezo wote wa besiboli, kwa sababu hakuna kinachoanza mpaka yeye aurushe mpira kwa mpigaji wa timu pinzani. Mpigaji akiugonga vizuri hukimbilia besi, yaani vituo vya uwanjani, na akizizunguka zote mpaka kurudi nyumbani alikoanzia, timu yake hupata pointi. Mchezo una duru tisa, na mrushaji wa kuanza hutarajiwa kufika walau duru ya tano au ya sita, huku akirusha mipira 80 hadi 100 hivi, kabla ya kuwaachia nafasi warushaji wa akiba. Akishatolewa, hana ruhusa ya kurudi tena. Kwa hiyo kumtoa mrushaji ni uamuzi usiorekebishika.

Sasa tazameni hali ilivyokuwa jioni ile. Berríos alikuwa amemaliza duru tatu bila kuruhusu pointi hata moja. Wapigaji watano alikuwa amewatoa kwa straiki tatu, yaani mipira mizuri mitatu waliyoshindwa kuipiga. Mipira yake ilikuwa na kasi na ilikuwa ikikata pale alipotaka ikate. Katika duru ya nne alianza kwa kumpa Royce Lewis besi ya bure (mrushaji akikosea shabaha mara nne, mpigaji huenda besi ya kwanza bila kupiga), jambo ambalo humtokea kila mrushaji, tena Lewis huyo ndiye aliyetuadhibu katika mchezo wa kwanza kwa kuipeleka mipira miwili ya mrushaji wetu Kevin Gausman nje ya uzio, pigo ambalo huleta pointi moja kwa moja, hivyo kuwa mwangalifu naye hakukuwa kosa. Wakati huo ubao ulisomeka 0–0 na Berríos alikuwa amerusha mipira 47 tu. Akatolewa. Kikuchi alipoingia, Max Kepler aligonga mpira mfupi na kufika besi ya kwanza, Donovan Solano akapewa besi ya bure, Carlos Correa akapiga pigo lililomrudisha Lewis nyumbani, kisha Kepler akafunga pointi ya pili huku wenzake wawili wakitolewa kwa pigo moja la Willi Castro. Hizo pointi mbili ndizo zilizomaliza msimu wetu wa ushindi 89.

Ninajua sababu iliyotolewa, nami sitaki kuipuuza. Twins walikuwa na wapigaji kadhaa wa mashoto, na kwa kawaida mpigaji wa mashoto hupata taabu zaidi anapokutana na mrushaji wa mashoto kama Kikuchi. Ikiwa Twins wangewatoa mashoto wao mapema, benchi lao lingekwisha mapema. Huo ulikuwa mpango uliotayarishwa kabla mpira wa kwanza haujarushwa. Swali langu ni hili: mpango uliopangwa mchana una haki gani mbele ya kile ambacho macho yanakiona usiku?

Nauliza kwa uchungu kwa sababu klabu yenyewe ndiyo iliyotufundisha kumwamini Berríos. Mwaka 2021 ilimleta kutoka Twins hao hao kwa kuwatoa vijana wawili wenye kipaji, Austin Martin na Simeon Woods Richardson, na mwezi Novemba mwaka huo ikampa mkataba wa miaka 7 wenye thamani ya dola milioni 131. Mkataba wa namna hiyo hutolewa kwa ajili ya jioni kama ile ya Minneapolis. Tena warushaji ndio waliotubeba msimu mzima, wakati wapigaji wetu walikuwa wakisuasua: Gausman aliongoza ligi ya American, moja ya ligi mbili kuu za besiboli, kwa kuwatoa wapigaji 237 kwa straiki, Chris Bassitt alirusha duru 200, na Berríos mwenyewe alirudi vizuri baada ya mwaka mbaya wa 2022. Kitu chetu bora kabisa kilikuwa kile, na siku ya haja tukakiweka kando kabla ya nusu ya mchezo.

Wala si mara ya kwanza. Mwaka 2020, dhidi ya Tampa Bay, Matt Shoemaker alitolewa baada ya duru tatu safi na mipira 35, tukafungwa 3–1. Mwaka 2022, tukiwa nyumbani na tukiongoza 8–1 dhidi ya Seattle, Gausman alitolewa katika duru ya sita besi zote zikiwa zimejaa. Tim Mayza akaingia, mpira mmoja ukamponyoka na kuleta pointi, na Carlos Santana akaupiga mwingine nje ya uzio. Tukafungwa 10–9. Katika mitoano hiyo mitatu, ya 2020, 2022 na 2023, tulicheza michezo sita na hatukushinda hata mmoja. Naomba maoni yenu.

Mchangiaji wa kwanza

Kaka, pole, nami nimeumia. Lakini timu iliyofunga pointi moja katika michezo miwili haina sababu ya kumlaumu mtu yeyote anayerusha mpira wala anayempanga. Hata kama Berríos angemaliza duru zote tisa bila kufungwa, tungekuwa 0–0 mpaka leo. Katika duru ya tano tulikuwa na George Springer besi ya tatu na Vladimir Guerrero Jr. besi ya pili, Bo Bichette akiwa kwenye nafasi ya kupiga, na Guerrero akasogea mbali na besi mpaka Sonny Gray, mrushaji wa Twins, akageuka na kumnasa. Mimi mjadala wangu ungeanzia hapo.

Mchangiaji wa pili

Nashukuru kwa mada iliyoandikwa kwa heshima. Mimi nitatetea uamuzi, ingawa najua sitapendwa kwa hilo.

Tunapomhukumu kocha, tunapaswa kuuliza alichokijua wakati anaamua, na tusimhukumu kwa matokeo ambayo sisi tumeyaona baadaye. Mchezo ulikuwa wa kufa au kupona. Kikuchi hakuwa mrushaji dhaifu aliyeokotwa benchini. Alianza michezo 32 msimu huu na huu ulikuwa mwaka wake bora tangu aje Toronto. Warushaji wa akiba walikuwepo na walikuwa wazuri, na baada ya duru ile ya nne Twins hawakufunga tena. Mpira wa Kepler haukuwa pigo la kutisha, ulikuwa wa kubahatisha. Ungedakwa na kurushwa kwa wakati, leo tungekuwa tunamsifu Schneider kwa ujasiri wake.

Wengi wetu tunakumbuka Kombe la Dunia la 2014 nchini Brazili, robo fainali kati ya Uholanzi na Kosta Rika. Jasper Cillessen alikuwa hajafungwa kwa dakika 120, na bado Louis van Gaal alimtoa dakika za mwisho ili Tim Krul aingie kudaka penalti. Ulikuwa mpango wa kabla ya mchezo, uliomgusa mchezaji ambaye hakuwa amekosea lolote. Krul alizuia penalti mbili, Uholanzi wakapita, na hakuna aliyesema kwamba Van Gaal amemdhalilisha Cillessen.

Kisha kumbukeni upande wa pili. Mwaka 2003, mchezo wa saba wa fainali ya ligi ya American, Boston walikuwa wakiongoza Yankees 5–2 katika duru ya nane, na kocha Grady Little akaamua kumwachia Pedro Martínez aendelee ingawa alikuwa amepita mipira 100. Yankees wakasawazisha, Aaron Boone akaumaliza mchezo katika duru ya 11, yaani za nyongeza kwa kuwa walikuwa sare, na Little akapoteza kazi yake. Yule alilaumiwa kwa kuufuata moyo, huyu wetu analaumiwa kwa kuufuata mpango. Nawauliza: kocha afuate nini ili asilaumiwe?

Mchangiaji wa tatu

Mimi nataka kuongeza neno moja tu kuhusu Kikuchi, kwa sababu naona amesahaulika. Kijana huyu msimu mzima amezoea kuingia uwanjani akiwa ameandaa mwili kwa utaratibu wake, duru ikiwa mpya na besi zikiwa tupu. Safari hii aliitwa katikati ya duru, mkimbiaji akiwa tayari besi ya kwanza, uwanja mzima wa wapinzani ukipiga kelele. Kama mpango ulikuwa kumtumia, angepewa duru ya nne tangu mwanzo wake. Kumwacha Berríos aanze duru kisha kumtoa baada ya mpigaji mmoja kuliwaumiza watu wawili kwa wakati mmoja.

Mleta mada

Ahsanteni sana. Nitajibu kila mmoja kadiri nilivyomwelewa.

Kaka wa kwanza, kuhusu wapigaji sina hoja ya kukupinga. Pointi moja katika michezo miwili ni aibu, na kunaswa kwa Guerrero kuliniuma mpaka nikasimama mbele ya televisheni. Hata Whit Merrifield, mchezaji wetu mwenyewe aliyesema hadharani kwamba aliuchukia uamuzi ule wa kumtoa Berríos, alikiri kwamba sio uliotufungisha. Lakini naona tofauti ambayo ni muhimu kwangu. Guerrero alikosea katika nusu sekunde, kwa mwili wake, akijaribu kusaidia. Uamuzi wa duru ya nne ulifanywa na watu waliokuwa na muda, wakiwa na takwimu zote mezani, na unafanana na maamuzi ya mwaka 2022 na ya mwaka 2020. Kosa la mchezaji hulitarajii lijirudie kwa namna ile ile. Hili limejirudia.

Ndugu wa pili, mifano yako ni mizuri na imenifanya nifikiri upya, ila naona inasimama upande wangu. Kudaka penalti ni kazi tofauti na kulinda lango katika mchezo wazi. Krul aliingia kuifanya kazi hiyo mpya kutoka sifuri, hakuna mpira uliokuwa umeshaelekea langoni. Kikuchi aliingia kuendeleza kazi ile ile ambayo Berríos alikuwa akiifanya vizuri, tena katika hali aliyoieleza dada yetu hapo juu, ambayo ni ngumu kuliko ile aliyoizoea. Na Pedro Martínez wa 2003 alikuwa ameshaonyesha dalili zote: Derek Jeter alimpiga, Bernie Williams akampiga, Hideki Matsui akampiga, na bado akaachwa mpaka Jorge Posada akasawazisha. Kosa la Little lilikuwa kutoyaamini macho yake. Kwangu mimi kosa la Schneider ni lile lile, ingawa alielekea upande mwingine.

Kama ni mfano, mimi ningechukua ule wa Tampa Bay wenyewe, tarehe 27 Oktoba 2020, mchezo wa sita wa World Series, fainali kuu ya besiboli. Blake Snell alikuwa akiongoza 1–0, amerusha mipira 73, amewatoa wapigaji tisa wa Dodgers kwa straiki na kuruhusu mapigo mawili tu. Kocha Kevin Cash alimtoa katika duru ya sita kwa hofu ya wapigaji kumwona Snell kwa mara ya tatu. Wapigaji watatu waliokuwa wakifuata ni Mookie Betts, Corey Seager na Justin Turner, ambao usiku ule walikuwa wamekutana na Snell mara sita kwa jumla na mara zote sita wametolewa kwa straiki. Nick Anderson akaingia, na kabla duru haijaisha Dodgers walikuwa mbele. Hoja ya takwimu ilikuwa halali, kwa kuwa ni kweli warushaji wengi hupungua wanapokutana na mpigaji mara ya tatu. Lakini takwimu ile ni ya warushaji wengi kwa pamoja, na aliyekuwa uwanjani alikuwa mmoja, mbele ya macho ya kila mtu. Berríos hata mara hiyo ya tatu hakuwa ameifikia.

Swali lako, kocha afuate nini, ni la haki. Jibu langu ni kwamba aende uwanjani na mpango, awe na masharti ya kuuacha, na masharti hayo ayajue mrushaji pia. Kasi ya mpira imeshuka? Mipira haikati tena? Wapigaji wameanza kuigonga kwa nguvu? Mtoe, hata kama ni mpira wa 30. Kama hakuna hata moja kati ya hayo, mwache.

Limebaki jambo linalonisumbua kuliko yote. Siku tatu baada ya kutolewa, meneja mkuu Ross Atkins alikutana na waandishi wa habari na kusema kwamba uamuzi ulikuwa wa kocha. Inawezekana ni kweli neno kwa neno. Lakini mpango wa kumtumia mrushaji wa pili wa kuanza katika duru ya nne, dhidi ya wapigaji fulani, hauandaliwi na mtu mmoja aliyesimama benchini. Kuna chumba kizima cha watu wanaochambua takwimu na kuandaa mikutano kabla ya mchezo. Ningependa kusikia mtu mmoja kutoka chumba hicho akisema, mimi nilishauri hivi, kwa sababu hizi, na leo naliona hivi.

Mwezi Februari 2024 watakusanyika tena Dunedin, Florida, kwa mazoezi, na Berríos atakuwepo akiwa na miaka mingi ya mkataba iliyobaki. Atapewa mpira na kuambiwa mchezo ni wake. Nataka sana kujua kama atawaamini, na nyinyi mnaomfuatilia kwa karibu naomba mniambie mnavyoona.