Kijani 24, Conservative 6: halmashauri ya Mid Suffolk ifutwe bila wapiga kura kuulizwa?

MLETA MADA

Wakuu, habari za jioni. Naomba tujadili jambo la huku niliko, maana naona linaamuliwa kimyakimya na mimi limeninyima usingizi.

Ninaishi Suffolk, mashariki mwa Uingereza, katika wilaya ya Mid Suffolk. Ni mashamba ya ngano na shayiri, vijiji vyenye makanisa ya mawe, na miji midogo kama Stowmarket, Needham Market na Eye. Wilaya nzima ina watu laki moja na ushee. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani, hivyo saa 12 asubuhi niko barabarani, kijiji hiki hadi kile.

Tarehe 4 Mei 2023 tulichagua madiwani. Viti ni 34. Chama cha Kijani (Green Party, chama cha mazingira) kilipata 24, Conservative, chama kilichokuwa kikitawala nchi wakati ule, 6, na Liberal Democrats 4. Ilikuwa mara ya kwanza chama hicho kupata wingi wa viti peke yake katika halmashauri yoyote ya Uingereza. Katika mji wa Brighton Kijani waliwahi kuongoza, lakini hawakufikia nusu ya viti. Sisi huku mashambani, ambako Conservative walijiona wako nyumbani, ndiko Kijani walikoshinda hivyo.

Nilipiga kura siku ile. Kituo chetu ni ukumbi wa kijiji, sakafuni bado kuna mistari ya uwanja wa badminton. Meza moja, akina mama wawili, daftari la majina na rula. Mwaka ule ndio kwanza sheria ilidai kitambulisho chenye picha, nami nikatoa pasi yangu ya Tanzania. Mama mmoja akaigeuzageuza, akaiangalia nembo ya Bibi na Bwana pale juu, akapitia orodha yake kwa kidole: pasi za nchi za Jumuiya ya Madola zinakubalika. Akaweka rula chini ya jina langu, akalikata kwa kalamu, akanipa karatasi. Kwenye kijichumba cha mbao kuna penseli imefungwa kwa uzi. Nikaweka alama, nikakunja, nikatumbukiza kwenye sanduku jeusi. Nimeishi nchi hii miaka mingi nikilipa kodi zote, lakini siku ile ndiyo niliyojisikia mkazi.

Sasa hoja yenyewe. Desemba 2024 serikali ya London ilitoa waraka wa kuondoa halmashauri za wilaya katika kaunti zenye ngazi mbili, na mahali pake kuweka halmashauri kubwa za ngazi moja, kila moja kwa watu wapatao laki tano au zaidi. Suffolk ina wilaya tano na kaunti moja juu yake. Kaunti ilitaka halmashauri moja tu kwa watu wote, kama laki saba na nusu. Wilaya zilitaka tatu. Mapendekezo yalitakiwa kumfikia waziri Septemba 2025, na uamuzi ni wake. Uchaguzi wa kaunti uliokuwa ufanyike Mei 2025 nao uliahirishwa kwa sababu hiyohiyo.

Hakuna mahali popote ambapo mpiga kura anaulizwa ndiyo au hapana kwa karatasi. Wanakusanya maoni, sawa, lakini maoni si kura. Na hili halikuwa hivyo siku zote. Mwaka 2011 Mid Suffolk na jirani yake Babergh walitaka kuungana kuwa wilaya moja. Wakawauliza watu kwa kura. Mid Suffolk tukasema ndiyo, Babergh wakasema hapana, na muungano ukafa palepale. Basi mbona safari hii haiwezekani?

Msimamo wangu: lolote litakaloamuliwa, lipite kwanza kwenye lile sanduku jeusi. Karibuni.


MCHANGIAJI WA KWANZA (Mkenya, yuko Norwich)

Ndugu yangu, nakusalimu. Mimi niko kaunti jirani, na nasema wazi: ziondolewe.

Nikupe kisa. Mwaka jana shimo barabarani lilinipasulia gurudumu. Nikapiga simu ofisi ya wilaya, nikasubiri dakika ishirini, nikaambiwa barabara ni za kaunti. Nikapiga kaunti. Nilipouliza pia kuhusu pipa la taka lililovunjika nikarudishwa wilayani. Na benchi la kituo cha basi? Hilo ni la baraza la kijiji. Mtu anayelipa bili moja ya kodi ya halmashauri kila mwezi ana haki ya kujua mlango wa kubisha.

Na hiyo bili, tusisahau, fungu kubwa huenda kaunti, jingine polisi, wilaya inabakiwa na sehemu ndogo. Mnapigania chombo ambacho hakigusi shule, hakigusi barabara, hakigusi huduma ya hao wazee unaowahudumia wewe mwenyewe. Hayo yote ni ya kaunti.

Kwetu Kenya tulikuwa na serikali za mitaa 175. Katiba ya 2010 ilituletea kaunti 47, na uchaguzi wa 2013 ukafunga ukurasa wa zile za zamani. Kuna waliolilia manispaa zao. Lakini leo mwananchi anajua gavana ni nani na anajua wa kumlaumu.


MCHANGIAJI WA PILI (Dodoma, mhasibu wa halmashauri)

Mleta mada, umeandika vizuri ila umeweka uzito mkubwa mno kwenye matokeo ya 2023. Mwaka ule Conservative walipoteza madiwani zaidi ya elfu moja kote Uingereza. Watu walikuwa na hasira na London: mawaziri wakuu watatu ndani ya mwaka 2022, riba za mikopo ya nyumba juu, bei za vyakula juu. Kijani wameokota embe lililoanguka. Na Mei 2025 tumeona upepo umegeukia kwingine: chama cha Reform UK kimezoa viti 677 na kushika halmashauri kumi. Hivyo usiseme wilaya yenu imeamua jambo. Imekasirika tu, kama wengine.

Lingine. Nasikia Kijani hao hao wanapinga nguzo za umeme kupita kwenye mashamba yenu. Umeme wenyewe si ni wa upepo wa baharini? Chama cha mazingira kinapingaje umeme safi?


MLETA MADA

Mkuu wa Dodoma, shukrani. La kwanza silikubali, na nitakueleza kwa nini, maana hapa ndipo watu wa mbali wanapokosea kuhusu vijiji.

Hasira ilikuwepo, sikatai. Lakini angalia uchaguzi wa kabla yake, 2019: Conservative 16, Kijani 12, Liberal Democrats 5, wa kujitegemea mmoja. Hapo hapakuwa na waziri mkuu Liz Truss wa 2022 wala riba za kutisha, na tayari Kijani walikuwa na zaidi ya theluthi ya viti. Hasira ya mwaka mmoja haikupi viti 12 miaka minne kabla.

Kilichotokea nimekiona kwa macho kwa sababu kazi yangu inanipitisha kwenye malango. Nina bibi mmoja ninayemhudumia, umri wake umevuka tisini. Mezani kwake, chini ya dawa, kuna rundo la vikaratasi vya diwani wa Kijani, kimoja kila baada ya miezi michache, hata mwaka usio na uchaguzi. Kimeandika habari za mtaro ulioziba, basi lililofutwa, nyumba zinazotaka kujengwa nyuma ya kanisa. Bibi yule aliniambia amewapigia Conservative tangu ujana wake. Nikamuuliza, na mwaka huu? Akasema, "Huyu kijana amekuja kuuangalia mtaro wangu mara tatu." Akajaza karatasi yake ya posta mbele yangu, akaigeuza nisione, akailamba bahasha.

Kwenye kata ya watu elfu chache jambo hilo linawezekana. Gawanya laki moja kwa viti 34, unapata diwani mmoja kwa watu kama elfu tatu. Anaweza kutembea kwa miguu. Mpe kata kubwa mara mbili au mara tatu, na vijana wa namna ile hawatafika kwenye mtaro wa bibi hata wakitaka, hasa ukizingatia kwamba udiwani hapa si ajira: wanalipwa posho, wengi wana kazi zao.

La nguzo lina uzito, na mimi mwenyewe nimegawanyika. Ni mradi wa kutoka Norwich hadi Tilbury, kilomita kama 180, kilovolti 400, kuleta umeme wa upepo wa Bahari ya Kaskazini upande wa London. Adrian Ramsay, mbunge wa Kijani aliyechaguliwa hapa Waveney Valley Julai 2024, alilaumiwa sana aliposema mradi usimame ili njia nyingine ziangaliwe. Hoja yao ni kwamba nyaya zingeweza kupita chini ya bahari. Mimi nadhani tunaohubiri umeme safi tuwe tayari kuziona nguzo zake. Lakini elewa kwamba mradi wa ukubwa huo hauamuliwi na halmashauri ya wilaya hata kidogo. Unaamuliwa na waziri. Ndiyo maana nasema: kidogo tunachoamua huku chini kisizidi kupunguzwa.

Ndugu wa Norwich, kisa chako cha simu ni cha kweli, hata mimi nimezungushwa hivyo. Ngazi moja ina faida yake. Ningeweza hata kuipigia kura ya ndiyo, ikiwa ni halmashauri tatu. Nilete karatasi basi, niipige.


MCHANGIAJI WA TATU (mama, kazi za wazee, Norfolk)

Wanangu, mimi nimekuja kwa viza ya kazi mwaka 2023, Mtanzania. Nina swali moja tu. Hiyo kura kweli ni yetu pia? Kazini nimeambiwa mpaka uwe na uraia.


MLETA MADA

Shikamoo mama. Wamekudanganya, pengine bila kujua. Raia wa nchi yoyote ya Jumuiya ya Madola aliye hapa kwa kibali halali ana haki ya kujiandikisha na kupiga kura, ya madiwani na hata ya wabunge. Mtanzania, Mkenya, Mganda, na Mnyarwanda pia kwa kuwa Rwanda iliingia Jumuiya hiyo 2009. Huhitaji uraia. Unajiandikisha mtandaoni bure, na unatakiwa uwe umejiandikisha siku 12 za kazi kabla ya kura. Kitambulisho chako ni pasi yako au kadi yako ya ukaazi. Asiye na kitambulisho chochote huomba cheti maalumu cha bure.

Usipuuze hilo la kitambulisho, mama. Tume ya Uchaguzi ilikadiria kwamba Mei 2023 watu kama 14,000 walifika vituoni wakarudishwa na hawakupiga kura. Walitoka nyumbani, wakapanga foleni, wakarudi.


MCHANGIAJI WA NNE (Mkongomani, Ipswich)

Nawasoma kwa uchungu kidogo. Mie natoka Bukavu, nina miaka kumi na moja hapa, watoto wangu wanasoma hapa, kodi ya halmashauri nalipa kama ninyi. Kongo si ya Madola. Mrundi pia hana. Mtu aliyefika mwezi jana kutoka Nairobi anapiga, mie hapana mpaka nipate pasi ya Kiingereza, na pesa ya kuomba uraia ni nyingi. Mkiomba kura ya wananchi juu ya wilaya, mtaniomba na mie?


MLETA MADA

Kaka, swali lako limenikalisha kimya. Sikulifikiria nilipoandika, na ningepaswa. Jibu langu ni ndiyo: Wales na Scotland wamekwisha kuruhusu wakazi halali wa nchi yoyote kuchagua madiwani wao, kwa hiyo si jambo lisilowezekana kisheria. England haijafanya hivyo. Pipa lako linachukuliwa na lori lilelile linalochukua la jirani yako.


MCHANGIAJI WA KWANZA (Mkenya, Norwich)

Hapo kwa kaka wa Ipswich niko nanyi kabisa. Ila mleta mada sijamwachilia.

Unasema ukaribu. Ofisi za Mid Suffolk ziko wapi? Ziko Ipswich, ndani ya jengo moja na kaunti, na Ipswich wala si sehemu ya wilaya yenu. Wafanyakazi mnachangia na Babergh, walewale waliokataa kuungana nanyi 2011. East Suffolk na West Suffolk zenyewe zimezaliwa 2019 kwa kuunganisha wilaya nne, na vijiji havikufa. Sasa wilaya ambayo ofisi yake iko nje ya wilaya ni ukaribu gani?

Na hiyo kura unayoidai: kwa chaguzi za madiwani nchi hii hujitokeza kama theluthi moja ya waliojiandikisha. Theluthi ikiamua, utasema wananchi wameamua?


MLETA MADA

La ofisi umenibana, nakubali. Tangu wahamie Ipswich, mzee wangu mmoja wa upande wa Eye akitaka kuonana na mtu ana kwa ana huwa namtengea siku nzima. Lakini ofisi ikihama bado nina diwani wangu, naye anaishi maili mbili kutoka kwangu. Huyo ndiye ninayemtetea, siyo jengo.

La theluthi: afadhali theluthi iliyoulizwa. Jumatano nina zamu fupi, nitapita ukumbini kuwasilisha maoni yangu kabla hawajafunga, na nitaandika pia hili la kaka wa Bukavu. Mwenye neno la kuongeza alilete kabla ya siku hiyo.


MCHANGIAJI WA TATU (mama, Norfolk)

Mwanangu, nimefungua ile fomu kwenye simu. Inauliza uraia, nimeandika Tanzania, imekubali. Sasa inataka namba ya bima ya taifa. Ni ile iliyo kwenye karatasi ya mshahara?