Ushauri wa haraka: nimeongeza swichi ya tatu kwenye steki, ofisi nzima haina mtandao (Mtwara)

Mbuyu wa Shangani, saa 3:40 usiku

Wakuu, habari za usiku. Niende kwenye mada moja kwa moja.

Mimi ni mtu wa TEHAMA kwenye ofisi moja hapa Mtwara mjini. Tuna swichi mbili za Cisco 2960-X (vile vifaa vya kugawa mtandao kwa kompyuta na simu) zilizounganishwa kwa kebo za steki, zinafanya kazi kama swichi moja. Poti zimejaa, bosi akaidhinisha ya tatu. Leo jioni nimeiunganisha, taa zikawaka vizuri tu, halafu zile mbili za zamani zikajizima na kujiwasha zenyewe. Tangu hapo hakuna kinachokwenda. Kompyuta zinajipa anwani za 169.254, simu za mezani zimekufa, kamera hazionekani. Nimezima na kuwasha mara nne. Nimebadilisha kebo ya steki. Nimepuliza vumbi.

Kesho saa mbili asubuhi watu wa malipo wanaanza kupakia majina, na huu ni msimu wa korosho, mnaelewa maana yake. Je, inaweza kuwa kebo mbovu? Au modula ya steki, kile kipande cha kuchomekea kebo zake? Naombeni msaada, sio matusi.

Ming'oko, saa 3:44

Nimefungua uzi mbio nikidhani steki ile ya nyama. Kumbe waya. Haya, nakaa pembeni.

Kebo Fupi, saa 3:51

Mkuu tuliza mshono. 169.254 ni kompyuta imeita DHCP, yule mgawa anwani, ikakosa wa kuitika, ikajipa anwani yenyewe. Kebo ya steki hapo unaisingizia. Maswali matatu: wakati unaichomeka, hiyo mpya ilikuwa imewashwa au imezimwa? Ukiandika show switch unaona nini? Bakapu ya mipangilio ipo wapi?

Mzee wa Mikindani, saa 3:58

Njomba, mimi nakwambia ni chumvi. Upepo wa bahari huku kwetu hauna mchezo. Nilikuwa na redio ya maana, ya betri na umeme, nikaiweka dirishani miaka miwili tu, siku naifungua nakuta ndani imeota kutu ya kijani kama mwani. Na hizo mashine zenu mnaziweka chumba chenye dirisha linalotazama bahari, eti feni inatosha. Zamani ofisi zilikuwa na mafaili, bahari ivume isivume, faili unalikuta palepale.

Mbuyu wa Shangani, saa 4:05

Asante mzee, lakini chumba kina kiyoyozi.

@Kebo Fupi ilikuwa imewashwa. Nisingeweza kuzima, watu walikuwa bado kazini. Show switch nitaileta. Bakapu tuiache kwanza.

Kebo Fupi, saa 4:07

Uliyotakiwa kuizima ni hiyo mpya. Hiyo haikuwa na mtu kazini.

Ming'oko, saa 4:08

😂😂😂 Kula chuma hicho.

Kebo Fupi, saa 4:19

Sasa sikiliza, maana wengi wanachoma ofisi za watu hapahapa. Steki ina masta mmoja, wengine wote ni wafuasi. Mipangilio inayofuatwa ni ya masta. Swichi ikiwa peke yake na imewashwa, yenyewe inajihesabu masta. Ukiichomeka kwenye steki nyingine iliyo hai, umekutanisha masta wawili chumba kimoja, lazima wapige kura. Anayeangaliwa ni mwenye kipaumbele kikubwa. Kinaanzia 1 hadi 15, na kama hujawahi kukigusa kinakuwa 1. Aliyeshindwa anajizima, anawaka, anarudi kama mfuasi na kumeza mipangilio ya mshindi.

Umesema za zamani ndizo zilijizima. Maana yake walioshindwa ni wewe na ofisi yako.

Lete show switch.

Binti Newala, saa 4:26

Mimi sijui swichi. Ila baba yangu ameshapeleka korosho ghalani na anasubiri hayo malipo unayosema. Sijui kama ni ofisi yenu, zipo nyingi. Naomba tu ujue kuna mzee kalala na simu kifuani akisubiri ujumbe uingie. Ada ya mdogo wangu imo humo. Mtu unaanzaje kugusa mashine jioni ya siku kama hiyo?

Mbuyu wa Shangani, saa 4:33

Dada, pole. Niligusa jioni ili mchana nisiwasumbue.

Hii hapa, naiandika kwa mkono kutoka kwenye skrini: 1 Member, kipaumbele 1, Ready. 2 Member, kipaumbele 1, Ready. 3 Master, kipaumbele 15, Ready. Kwa hiyo vifaa vyote ni vizima, si ndiyo? Kwa nini basi havifanyi kazi?

Jahazi la Kilwa, saa 4:40

Hii inanikumbusha Mei 2024, kimbunga Hidaya. Nilikuwa natoka Dar na rauta mbili mpya za mteja wa Lindi, nimezipakata kama mtoto. Kufika Somanga barabara hakuna, maji yamekata. Magari foleni hadi macho yanachoka. Tukala biskuti, tukala mihogo ya kununua kwa wenyeji, rauta nimezifunika koti langu, mwenyewe nimelowa. Nilipofika Lindi mteja ananiambia kumbe alikuwa anahitaji moja. Mambo ya mitandao yanataka moyo.

Taa ya Kaharabu, saa 4:52

Nimesoma hiyo show switch mara mbili. Mbuyu, hapa kuna kitu hujasema.

Swichi ikitoka kiwandani ni namba 1, kipaumbele 1. Ikiingia kwenye steki ikakuta 1 na 2 zimeshachukuliwa, namba 3 inaweza kupewa, sawa. Lakini 15 haiji yenyewe. 15 huwekwa kwa mkono, na fundi anayetaka swichi hiyo ndiyo iwe mkubwa wa nyumba. Tena hata ukifuta mipangilio yote kwa write erase, namba na kipaumbele havifutiki, vinabaki humohumo. Hiyo swichi iliwahi kuwa masta kwa watu wengine. Sio mpya.

Na pale kwenye skrini, kabla ya alama ya #, pameandikwa nini?

Mbuyu wa Shangani, saa 4:58

Duka waliniambia ni mpya. Boksi lilikuwa na gundi.

Taa ya Kaharabu, saa 4:59

Pameandikwa nini?

Mbuyu wa Shangani, saa 5:16

Jina la hoteli. Silitaji.

Ming'oko, saa 5:17

Kimeumana.

Mbuyu wa Shangani, saa 5:31

Basi niseme ukweli, maana hata nikinyamaza mtaunga wenyewe. Nilipewa 2,800,000 ya swichi mpya. Nikaipata iliyotumika Kariakoo kwa 600,000 na modula yake ndani. Risiti nimetafuta ya kuendana. Kabla hamjaanza, vifaa hivi havichakai kama viatu, kilichotumika na kipya vinapitisha data ileile, na ofisi ingepata poti 48 ilizotaka. Hakuna aliyeibiwa kitu cha kuonekana. Mama yangu yuko hospitali ya Ligula wiki ya tatu sasa.

Taarifa nimeshaiandika kwamba umeme ulicheza jioni ukaharibu mipangilio. Imebaki kusaini. Ninachoomba ni namna ya kurudisha mtandao, hayo mengine ni yangu na Mungu wangu.

Binti Newala, saa 5:35

Hakuna aliyeibiwa. Sawa.

Mzee wa Mikindani, saa 5:41

Mama namwombea uzima, hilo kwanza. Lakini njomba, cha juu cha 2,200,000 kwenye kitu cha 2,800,000? Hicho sio cha juu tena, hicho ndicho chenyewe, swichi ndiyo nyongeza.

Mpekuzi wa Nyuzi, saa 5:48

Hii chai, tena ya tangawizi. Tazameni: mtu ana balaa ofisini, usiku huu, na anatuandikia aya zilizonyooka kama barua ya maombi ya kazi. Kila akibanwa anaongeza kipande kimoja, kama tamthilia ya redioni. Kwanza waya, kisha hoteli, kisha mama mgonjwa. Ngoja saa sita atokee mchumba. Na kuna uzi niliwahi kuusoma humu wa swichi hizihizi, ila ule ulikuwa Bukoba na kahawa. Ameng'oa kahawa kapanda korosho.

Jahazi la Kilwa, saa 5:50

Aisee, hata mimi nilishangaa. Weka picha.

Ming'oko, saa 5:52

Mtunzi wa chai angemweka mke wa bosi tangu ukurasa wa kwanza. Huyu mpaka sasa mhusika mkuu ni kebo.

Kebo Fupi, saa 5:55

Mpekuzi, mimi mwenyewe hadithi ya mama siwezi kuithibitisha. Lakini hiyo 15 hatungi mtu. Anayetunga angeandika 1, maana hajui kama kuna 15. Na hata kama ni chai, kuna kijana mahali fulani kesho atachomeka swichi ya mitumba bila kuizima. Acha tumalize.

Mbuyu: zima hiyo ya tatu, chomoa kebo zake mbili za steki. Rudisha mzunguko wa zile mbili kama ulivyokuwa. Ziwashe. Usiandike write memory popote, yaani usihifadhi kitu.

Taa ya Kaharabu, saa 6:01

Usimpe matumaini sana. Wafuasi hupewa nakala ya mipangilio ya masta. Zinaweza kuamka na sura ya hoteli.

Mbuyu wa Shangani, saa 6:24

Zimeamka. Zote mbili zinajiita hoteli. Kuna VLAN (kipande cha mtandao kilichotengwa) ya "bwawa" na nyingine ya "wageni". Mimi nacheka sasa, sijui kwa nini.

Mpekuzi, picha siweki, kuna majina ya ofisi. Ila nakueleza ninachokiona. Kabati liko wazi mbele yangu. Kwenye paneli, chini ya kila poti, kuna gundi ya karatasi imeandikwa kwa kalamu ya bluu: UHAS 20, UHAS 20, SIMU 30, KAM 40, halafu poti moja peke yake kwa wino mwekundu, RAUTA USIGUSE. Herufi zimeinamia kushoto. Ni mwandiko wa mzee niliyempokea kazi, yuko Nachingwea sasa, kastaafu. Gundi nyingine zimebanduka kwa ubaridi wa kiyoyozi, ziko sakafuni, sijui ni za poti ipi.

Kebo Fupi, saa 6:27

Huyo mzee ndiye bakapu yako. Mpigie.

Mbuyu wa Shangani, saa 6:30

Siwezi. Nilipoingia niliwaambia wote pale kwamba kazi yake ni ya kizamani. Alisikia.

Mzee wa Mikindani, saa 6:33

Wazee hawalali usingizi mzito, njomba. Piga.

Taa ya Kaharabu, saa 6:38

Kabla hujampigia, safisha zile mbili: write erase, kisha delete flash:vlan.dat, kisha reload. Ikiuliza kama uhifadhi, jibu no. Ya kwanza ipe kipaumbele 15, ya pili 14, zisiwe tena sawasawa. Hiyo ya hoteli usiirudishe leo. Siku ukiirudisha, iwashe peke yake kwanza, ifute, ishushe kipaumbele hadi 1, hakikisha programu yake ni toleo moja na wenzake, uizime, ndipo uchomeke kebo na kuiwasha ya mwisho. Na hiyo taarifa ya umeme usisaini. Swichi zina kumbukumbu za matukio, akija anayejua kuzisoma anaweza kuona hakuna umeme uliocheza.

Mpekuzi wa Nyuzi, saa 6:41

Bado nasema chai. Lakini nimeweka sukari, naendelea kunywa.

Mbuyu wa Shangani, saa 11:50 alfajiri

Wakuu, mtandao umerudi. Uhasibu wote wana anwani, simu zinalia, kamera tatu bado, nazo mtu hatazigundua leo.

Nilimpigia saa saba na nusu. Alipokea mlio wa pili. Sikumaliza hata kujieleza, akaniambia subiri, nikasikia anavuta sanduku. Ana kaunta buku. Kila poti ameiandika, na tarehe aliyoibadilisha, na jina la aliyeomba. Akawa ananisomea, mimi naandika: poti ya 1 hadi ya 12 VLAN 20, ya 13 simu, ruka ya 14 imekufa tangu radi. Kuna mahali alinisahihisha kabla sijabonyeza enta, kwa kusikia tu sauti ya kibodi, akasema umeandika haraka mno hapo. Nilikuwa nimekosea kweli. Tumemaliza wakati adhana inaanza.

Halafu akaniuliza: hiyo ya tatu mmeinunua kiasi gani? Nikamwambia mzee sikupati, mtandao unakatakata. Nikakata.

Taarifa ipo mezani. Sijasaini, sijachana.

Binti Newala, saa 12:15 asubuhi

Baba kaamka, kaangalia simu, kaiweka.

Jahazi la Kilwa, saa 12:20

Mbuyu, hongera. Hiyo ya hoteli kama hamuihitaji tena, mimi nipo Lindi, Jumamosi napita huko. Utaniachia kwa ngapi?