Orville Wright ndani ya maabara ya "Langley": heshima au dharau?

Mleta mada:
Wakuu, kuna picha ya Mei 1934 ambayo kila nikiitazama inanikera. Imepigwa Hampton, Virginia, ndani ya handaki la upepo, yaani chumba cha kupimia ndege kwa upepo wa feni, lenye mdomo wa futi 30 kwa 60. Ndege nzima ya kivita, Boeing P-26, imewekwa humo, na chini yake wamejipanga wageni na suti zao. Wamo Orville Wright, na marubani mashuhuri Charles Lindbergh na Howard Hughes.

Sasa maabara yenyewe inaitwa Langley! Samuel Langley ndiye yule mwanasayansi, mkuu wa taasisi ya makumbusho ya Smithsonian, ambaye ndege yake ilitumbukia mto Potomac mara mbili mwaka 1903, pamoja na dola 50,000 za Wizara ya Vita. Siku tisa baada ya kuzama mara ya pili, Orville akaruka kwa sekunde 12. Aliyeruka anakuwa mgeni kwa aliyezama. Na siku anapigwa picha hiyo, ndege yake ya 1903 iko London, alikoipeleka mwenyewe 1928 kwa kuisusa Smithsonian. Haki iko wapi?

Mchangiaji wa kwanza:
Unamwonea mzee wa watu. Mwaka 1896 ndege zake ndogo za mvuke, zisizo na rubani, zilipaa vizuri juu ya mto huohuo, wakati akina Wright bado wanauza baiskeli. Injini yake ya 1903 ilikuwa na nguvu za farasi 52, ya akina Wright 12 tu. Amekufa 1906, hajamwibia mtu.

Mchangiaji wa pili:
Marehemu simlaumu, nawalaumu waliobaki. Mwaka 1914 Smithsonian ilimkabidhi mtengenezaji wa ndege Glenn Curtiss ndege ile ya Langley iliyozama. Curtiss huyo alikuwa ameshashindwa na Wright mahakamani kwenye kesi ya hataza, yaani haki ya uvumbuzi! Akaibadilisha mabawa, akaifunga maboya, ikajinyanyua kidogo ziwani. Kisha wakairudishia umbo lake la zamani na kuitundika makumbusho, na kibao kinachosema hii ndiyo ya kwanza iliyokuwa na uwezo wa kuruka na mtu. Mkuu wa Smithsonian wakati huo, Charles Walcott, ndiye pia aliyepigania kuanzishwa kwa NACA, kamati ya serikali ya Marekani ya utafiti wa ndege, iliyojenga maabara hiyo ya Langley. Jumlisha mwenyewe.

Mchangiaji wa tatu:
Mbona basi Orville hakujitoa? Kakaa kwenye NACA hiyohiyo tangu 1920 mpaka anafariki 1948. Miaka 28 unakula sahani moja na wabaya wako?

Mleta mada:
Hapo nakujibu. Mwaka 1901, Dayton, chumba cha juu cha duka la baiskeli, yeye na kaka yake waliunda sanduku la mbao la futi sita, feni upande mmoja. Mizani ya ndani waliitengeneza kwa spoki za baiskeli na nyembe za msumeno, wakapima vibawa karibu 200. Handaki la Hampton ni mjukuu wa sanduku lile. Asusie kazi yake kwa sababu ya jina la mlangoni? Alichosusia ni uongo wa makumbusho, na mwaka 1942 Smithsonian wenyewe waliufuta.

Mchangiaji wa pili:
Sawa. Lakini ndege ya Wright iliporudi kutoka London 1948, warithi wa Orville waliandikishana na Smithsonian kwamba ikithubutu kusema ndege nyingine ilitangulia, wanaichukua yao. Na hiyo nayo tuiiteje?