Uliwahi kuingia BK Arena ya Kigali? Tupeane uzoefu

Wakuu, habari za jioni.

Kila BK Arena, ukumbi wa michezo na muziki wa Kigali, inapotajwa humu, mazungumzo yanaishia kwenye picha za nje: paa, taa za usiku, magari ya wageni. Walioingia ndani hawaandiki, na uzi huu ni kwa ajili yao. Uwe ulikwenda kama shabiki, mchezaji, fundi, mwanakwaya au mlinzi wa mlangoni, tuambie uliona nini, hasa yale ambayo mji unaotaka kujenga ukumbi wa namna hii ungepaswa kuyajua mapema. Tanzania, Kenya na Uganda tunaandaa viwanja vya mpira kwa ajili ya AFCON 2027, na ni jambo jema. Kikapu, wavu, netiboli, ngumi na muziki bado vinasubiri paa la ukubwa huu.

Kwa asiyeujua: uko mtaa wa Remera, ubavuni mwa Uwanja wa Amahoro, unaingiza watu 10,000. Kampuni ya Kituruki ya Summa iliujenga kwa takriban miezi sita, ukafunguliwa Agosti 2019 ukiitwa Kigali Arena. Jina la BK lilikuja 2022 baada ya mkataba na Benki ya Kigali. Siku ya uzinduzi ilichezwa mechi ya ligi ya kikapu ya Rwanda, Patriots dhidi ya REG. Hilo ndilo ninalolipenda kuliko yote: siku ile walipewa vijana wa nyumbani.

Naanza mimi. Nilikwenda AfroBasket ya wanawake ya 2023, yaani ubingwa wa kikapu wa Afrika. Nimekulia kwenye viwanja vya kikapu vya Dar, na mechi nyingi za dada zetu nimeziona zikichezwa juani, mbele ya ndugu na marafiki, kwa sababu jioni yenye taa wanaachiwa wanaume. Kigali nikakuta foleni ndefu, wazee kwa watoto, wanakwenda kuangalia wanawake. Rwanda ilifika nusu fainali, ubingwa ukachukuliwa na Nigeria. Binti wa Rwanda akifunga, kelele zinapanda hadi paani kisha zinarudi kukuangukia kichwani. Nje kelele hupanda zikaenda zake. Nilisimama machozi yananitoka, na wala haikuwa timu ya nchi yangu.

Angalizo kwa mtokao Tanzania: Rwanda iko nyuma yetu saa moja. Hakikisha saa yako imebadilika kabla hujaanza kuwahimiza wenzako.

Karibuni.

Pointi Gadi

Asante kwa uzi, mkuu. Mimi nacheza ligi ya mkoa Dar, viwanja vya wazi. Nilikwenda fainali za BAL 2024, ligi ya kikapu ya klabu za Afrika, mwaka ambao Petro de Luanda ya Angola ilichukua kombe mbele ya Al Ahly ya Libya. Wenzangu waliangalia mechi, mimi macho yalikuwa kwenye sakafu.

Mbao zile zinalazwa juu ya tabaka linalobonyea kidogo, kwa hiyo mchezaji akitua, magoti hayapokei kishindo chote. Sisi tunatua kwenye zege. Nawajua wachezaji wazuri sana walioacha mchezo wakiwa bado vijana kwa sababu ya magoti tu. Halafu mpira ndani unadunda kimo kilekile kila mahali. Kwetu kila mwenyeji anazijua nyufa za uwanja wake na anazitumia kama mchezaji wa sita.

Lililonishangaza zaidi ni kulenga. Nyuma ya ubao wa kioo kuna maelfu ya watu, wanatikisika, wanapunga vitambaa. Aliyezoea kulenga akiwa na ukuta au miti nyuma ya goli, jicho linatangatanga na umbali unampotea. Kuna pia suala la upepo. Sisi wa nje tumejifunza kurusha mpira wa chini, wa nguvu, usichukuliwe na upepo wa jioni. Ukiingia ndani na mazoea hayo, mpira unagonga chuma mechi nzima. Goli ni mita 3.05 kote duniani, ila mkono uliolelewa na upepo hauwezi kuiamini hewa iliyotulia kwa mazoezi ya siku chache. Timu ya taifa inayofanya mazoezi nje kisha ikaenda kushindana ndani inaanza mashindano ikiwa nyuma kwa pointi, na tunawalaumu vijana bure.

Mvua sizungumzii sana, kila mmoja humu anajua ratiba zetu zinavyovurugika masika. Paa peke yake lingetupa ligi inayokwisha siku iliyopangwa.

Mama Wawili

Pole na magoti mdogo wangu. Mimi nilikwenda na wanangu kwenye tamasha la Krismasi la Israel Mbonyi, mwimbaji wa injili wa Rwanda. Alilifanya humo Desemba 25 kwa miaka kadhaa, na ukumbi ulikuwa ukijaa pomoni. Tangu alipoanza kuimba Kiswahili, wengi wetu wa Tanzania na Kenya tunamfuata hadi kwake.

Nitasema ya mama. La kwanza, kila mtu alikuwa na kiti chake. Sikuwahi kwenda tamasha la uwanjani na watoto, naogopa msukumano wa mlangoni na ule wa jukwaani. Pale niliwakalisha, wakaona vizuri, na wa mwisho akalala mapajani mwangu wakati watu wanaimba. La pili, ngazi za juu ni kali kwa mtu mzima. Mama yangu tulimtafutia kiti cha chini na nilifurahi tulifanya hivyo mapema. La tatu, wabebeeni watoto vizuia kelele vya masikioni. Wadogo wanaumia na hawajui kusema.

Na wanaojenga wasisahau vyoo vya wanawake. Wakati wa mapumziko ndipo utajua mchoraji alikuwa na dada au hakuwa naye.

Mwana Kivu

Nilikuwa nasoma Kigali 2021, wakati wa Covid. AfroBasket ya wanaume, Kongo yetu tulipangwa kundi moja na Rwanda, wakatufunga. Tulikaa kwa kuachiana nafasi na barakoa usoni, lakini niliwaimbia Leopards, timu yetu ya taifa, hadi sauti ikakauka. Mei ya mwaka huohuo BAL ilikuwa imechezwa kwa mara ya kwanza, yote pale pale, timu 12 katika mji mmoja. J. Cole, yule mwanamuziki wa Marekani, alivaa jezi ya Patriots akacheza mechi tatu. Vijana wa mtaani kwangu walioitwa wavivu kwa sababu ya kukaa kutwa kwenye viwanja vya kikapu, ghafla wazazi wao wakaanza kuwauliza mazoezi ni saa ngapi.

Thunder Damu

Mimi ni wa Nairobi. Mei 2025 tulipanda basi kupitia Kampala kwenda kuishangilia Nairobi City Thunder, klabu ya kwanza ya Kenya kufika BAL. Kundi lilikuwa na APR wenyeji, klabu ya jeshi la Rwanda, Al Ahli Tripoli ya Libya na MBB ya Afrika Kusini. Tulikaa katikati ya mashabiki wa APR, jezi nyeusi na nyeupe pande zote. Hakuna aliyetusumbua. Mzee mmoja pembeni yangu alinieleza kwa Kiswahili safi historia ya kila mchezaji wake, na APR wakipata pointi ananigonga bega kama kuniomba radhi.

Niliyojifunza ni kwamba ngoma zina kazi. Mashabiki wana viongozi, wana nyimbo za ulinzi na nyimbo za mashambulizi, na timu ngeni ikiwa na mpira huwezi kumsikia jirani yako. Wachezaji wetu walikuwa wanaelewana kwa vidole. Hizo nyimbo zimepikwa kwenye ligi yao ya nyumbani, wiki baada ya wiki. Ukumbi ungekuwa unafunguliwa kwa wageni tu, hayo yote yasingekuwepo.

Kijana wa Jukwaa

Naona mnaongea kikapu tu. Desemba 2023 Kendrick Lamar, rapa wa Marekani, alipanda jukwaa lile, na Zuchu wetu akawa miongoni mwa waliotumbuiza usiku huo. Februari 2025 akaja John Legend. Kabla yake, Oktoba 2023, zilikuwa tuzo za muziki za Trace na Diamond akapata ya msanii bora wa Afrika Mashariki. Machi ya mwaka huo FIFA walifanyia mkutano wao mkuu humo humo. Majina makubwa yana faida yake.

Fundi Spika

Yana faida, ndugu yangu, ila faida yenyewe iko nyuma ya pazia. Mimi ni fundi sauti, nimefunga vyombo kwenye kumbi kadhaa za ukanda huu. Tamasha kubwa likija, mafundi wa nje wanahitaji mikono ya wenyeji: wa kupanda juu, wa kuvuta nyaya, wa taa. Kijana aliyefanya kazi hiyo mara kadhaa ameshasoma darasa ambalo hapa kwetu halipo.

Sasa niseme la sauti, maana ndilo linaloharibu kumbi. Sauti inasafiri kama mita 340 kwa sekunde. Ukuta wa nyuma ukiwa mita 50 kutoka jukwaani, neno la mwimbaji linakwenda na kurudi kwa karibu theluthi ya sekunde. Neno la pili linapotoka, la kwanza ndiyo linarejea, yanagongana, msikilizaji anabaki na mvumo. Dawa yake ni mapazia mazito na kuta zinazomeza sauti, na spika zining'inizwe zikiwaelekea watu, zisielekee ukuta. Mchana ukumbi ukiwa mtupu unavuma vibaya hata ufanye nini. Usiku miili na nguo za watu zinaimeza sauti na kila kitu kinabadilika, kwa hiyo fundi anapima mara mbili.

Niliwahi kufanya kazi kwenye ukumbi mmoja, sitautaja, ambao paa lake halikuwa na sehemu za kuning'inizia mzigo. Tukapanga spika chini. Waliokaa mbele waliziba masikio, waliokaa juu walisikia vishindo bila maneno, na msanii akalaumiwa kwamba hajui kuimba. Iliniuma sana. Wanaojenga wamuulize mhandisi paa litabeba tani ngapi, na waulize kabla ya nguzo kusimama.

Mwanzisha mada

Fundi, shukrani sana. Tamasha likiisha usiku, kesho yake kikapu kinawezekana?

Fundi Spika

Kinawezekana ukiwa na watu waliozoea. Jukwaa linashuka, sakafu ya kikapu inarudishwa vipande vipande, viti vya chini vinasogezwa, magoli yanaingia, saa zinajaribiwa. Wakiwa wageni wa kazi hiyo, weka siku ya ziada.

Refa Mstaafu

Niongeze la vipimo, maana nimeona watu wakikosea hapa. Ukitaka ukumbi wa michezo yote, usipime kwa kikapu. Kikapu ni mita 28 kwa 15, netiboli 30.5 kwa 15.25, wavu 18 kwa 9 tu. Mpira wa mikono ndio mkubwa, 40 kwa 20. Tenga sakafu ya mpira wa mikono pamoja na nafasi ya pembeni, kisha siku ya kikapu uvute viti vya kusogezwa mpaka karibu na mstari. Na wavu usikuhadae kwa udogo wake: mashindano makubwa ya dunia yanadai mita 12.5 juu ya sakafu bila taa wala spika iliyoning'inia. Kwa hiyo, Fundi, hizo spika zako ziwe za kupandishwa na kushushwa.