Stesheni za reli Mombasa: pesa zianzie Changamwe au mjini?

Mleta hoja, Magongo

Ndugu zangu wa Mombasa, tulijadili hili mapema, lisije likaamuliwa sisi tumelala. Kila ikitajwa treni ya abiria baina ya Miritini na kisiwani, mazungumzo huenda moja kwa moja hadi ile stesheni kongwe iliyo mwisho wa barabara ya Haile Selassie. Itengenezwe, ipendezwe, iwe na maduka. Naipenda stesheni ile, lakini nasema isiwe ya kwanza. Ya kwanza iwe Changamwe, huku bara, katikati ya Miritini na kisiwani.

Kwa asiyefuatilia: SGR, yaani reli mpya ya Nairobi hadi Mombasa, ilizinduliwa Mei 31, 2017, na stesheni yake ya huku ikajengwa Miritini, bara. Kabla ya hapo treni ya Nairobi ilikuwa ikiingia kisiwani, abiria akishuka yuko mjini tayari. Siku hizi akishuka Miritini ndipo safari ya pili inaanza, kwa matatu, tuktuk au gari la kukodi, kupitia Changamwe na Makupa. Tikiti ya daraja la kawaida ilikuwa shilingi 700 siku za mwanzo. Tangu Januari 2024 ni 1,500, na nauli ya kufika mjini haimo humo.

Mpango wa Shirika la Reli ni kuifufua reli ya zamani iunganishe Miritini na mjini, pamoja na daraja la reli pale Makupa. Treni ya Madaraka, ile ya abiria ya SGR, yenyewe haiwezi kuingia kwenye reli hiyo. Upana wa SGR ni milimita 1,435, wa reli ya zamani ni 1,000. Abiria itabidi abadilishe treni, na mizigo, na watoto, na pengine mzazi mkongwe amemshika mkono. Kwa hivyo tunapozungumzia stesheni tusidhani tunazungumzia rangi ya kuta.

Sasa kwa nini Changamwe. Kwanza watu wako hapo. Magongo, Chaani, Migadini, Mikindani, wote hawa asubuhi wanaelekea upande mmoja, na njia yao ndiyo hiyo hiyo ya malori ya bandari. Uwanja wa ndege uko upande huu, hospitali ya Port Reitz iko upande huu. Anayefanya kazi Shimanzi au Kilindini hutoka nyumbani giza bado, kwa sababu hajui foleni itamfanyia nini. Huyu hapandi treni kwenda kutalii. Akipata treni ya uhakika ataipanda Jumatatu mpaka Jumamosi, mwaka mzima.

La pili halizungumzwi sana, nami nalishikilia kuliko yote. Kwenye reli ya njia moja, treni mbili zinazoelekeana hazipishani popote. Zinapishana kwenye stesheni yenye njia ya pembeni. Chukulia safari nzima ya Miritini hadi mjini ni nusu saa. Kama katikati hakuna mahali pa kupishana, treni ya mjini itangoja mpaka ya Miritini ifike, ndipo nayo iondoke. Hapo kila upande umepata treni moja kwa saa. Weka njia ya kupishania katikati na jukwaa lake, treni zitoke pande zote mbili kwa wakati mmoja, zikutane hapo, ziendelee. Kila upande sasa una treni mbili kwa saa, kwa reli ile ile. Jumba zuri mwishoni mwa reli halikuongezei hata safari moja. Mfanyakazi aliyekosa treni akaambiwa angoje saa nzima atarudi steji ya matatu, na hatorudi tena kwenye treni.

Tazameni wenzetu. Nairobi ilifungua stesheni mpya ya Syokimau Novemba 2012, nzuri kwa kweli, lakini treni zake zilikuwa za asubuhi na jioni, na aliyetaka kusafiri katikati ya siku alibaki barabarani. Dar es Salaam, Oktoba mwaka huo huo, walianzisha treni ya Ubungo hadi Stesheni juu ya reli ile ile ya zamani, watu wakaanza kuipanda kwenda kazini bila kungoja majumba. Njia hiyo ya Dar ndiyo ningependa tuifuate.

Nikisema itengenezwe namaanisha jukwaa lililo sawa na mlango wa behewa, paa la maana kwa mvua ya masika na jua la Januari, taa, vyoo vyenye maji, daraja la kuvukia reli kwa miguu, na uwanja wa tuktuk usioziba barabara. Haya, semeni.

Mkaazi wa Likoni

Kaka, hoja yako imepangika, lakini ni hoja ya mtu anayeishi upande wa reli. Mombasa ina maeneo bunge sita. Likoni, Kisauni na Nyali hakuna treni ya abiria itakayofika. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 kaunti nzima. Wangapi kati yao watatumia stesheni ya Changamwe?

Sisi tunavuka maji. Wengine hapa ni wadogo, hawakumbuki Mtongwe, Aprili 1994, feri ilipopinduka wakafa watu zaidi ya 270. Kuna nyumba huku hazijapona mpaka leo. Ukiniuliza pesa ya umma ianzie wapi, nitasema ianzie pale mtu anapohatarisha roho yake kwenda kazini. Na kama ni lazima iwe reli, basi stesheni ya mjini iunganishwe na kivuko, kwa gari linalongoja treni. Kutoka pale stesheni hadi feri bado ni nauli nyingine.

Mfanyabiashara, Mwembe Tayari

Mimi nasema mjini kwanza, na sioni haya kusema nina duka karibu. Reli ya kuelekea Uganda ilianzia kisiwa hiki mwaka 1896, ikafika ziwani Kisumu 1901. Mji wa sasa umekua kwa sababu ya reli hiyo na bandari. Kuiacha stesheni hiyo ikae vile ni kuuacha mlango wa mji umebomoka.

Ndugu wa Magongo amezungumzia anayepanda. Mbona hakuzungumzia anayeshuka? Wote hao wa Changamwe, Mikindani na Miritini wanakuja mjini. Kama jukwaa la mjini ni fupi, au kutoka kwake ni kwa mlango mmoja, msongamano utakuwa hapa hata stesheni za bara ziwe nzuri namna gani. Tena maduka yanalipa kodi ya pango. Pesa hiyo ndiyo inayoweza kutunza taa na vyoo vya stesheni ndogo ambazo hazitakuwa na biashara yoyote.

Mama, Mikindani

Nimesoma yote. Mimi nauza samaki, na swali langu ni la karai: nitaruhusiwa kuingia nalo? Matatu hunitoza nauli ya karai juu ya nauli yangu. Kama treni itakuwa ya watu wenye mikoba tu, basi haituhusu.

La pili ni taa. Natoka alfajiri. Stesheni yenye paa zuri na njia ya giza kutoka mtaani hadi hapo, wanawake hawataitumia, hilo nawaambia mapema. Mulike njia kwanza, hata kabla ya jukwaa.

Mwalimu, Mazeras

Jamani, reli haiishii Miritini. Inapanda hadi huku Mazeras, inaendelea Mariakani. Sisi tuko Kaunti ya Kilifi, lakini kazi zetu, hospitali zetu na soko letu ni Mombasa. Mombasa wakipanga hawatuhesabu, Kilifi wakipanga wanaangalia Malindi na Kilifi mjini. Tukianza kupima stesheni kwa idadi ya watu wanaoishi karibu nayo, tutakuwa wa mwisho daima. Pimeni pia kwa urefu wa safari na nauli anayoitoa mtu kwa siku. Mwanafunzi wangu wa zamani anayefanya kazi ya mkono Changamwe anaacha sehemu kubwa ya ujira wake barabarani. Huyo ananufaika na treni kuliko anayetoka Chaani, ambaye siku mbaya anaweza kutembea.

Mleta hoja, Magongo

Nashukuru. Nianze na Mwalimu, kwa kuwa neno lake ndilo lililonigusa zaidi. Nakubali nauli iwe kipimo pamoja na idadi ya watu. Lakini treni ya Mazeras nayo itapita Changamwe, na kama hapo hapapishani, treni yako ndiyo itakayongojeshwa nje. Kuanza na Changamwe ni kukufungulia wewe njia.

Ndugu wa Likoni, sibishani na kumbukumbu ya Mtongwe. Hakuna mtu wa Mombasa anayeweza kuibisha. Ninachokataa ni kuzigombanisha feri na reli. Kila lori na matatu inayopungua barabara ya Changamwe na Makupa inampunguzia foleni hata wa Likoni anayefanya kazi huku. Hilo lako la gari linalongoja treni na kumpeleka abiria hadi kivukoni nalitaka, na halihitaji kujenga chochote kikubwa. Lianze siku ya kwanza.

Kwa wa Mwembe Tayari: urefu wa jukwaa na milango ya kutokea, ndiyo, ifanywe mapema, kwa sababu bila hivyo treni haifanyi kazi. Maduka na mapambo yangoje. Tusiyafunge mambo haya mawili pamoja kwenye zabuni moja, maana tukifanya hivyo pesa zitaishia kwenye mapambo.

Mama wa Mikindani, behewa moja liwe na nafasi ya makarai na mikokoteni, liandikwe hivyo wazi. Na kuhusu taa, Katiba ya 2010 imegawa kazi: reli ni ya serikali kuu, lakini barabara za kaunti na taa za barabarani ni za kaunti. Maana yake Kaunti ya Mombasa haina haja ya kungoja treni. Njia za kutoka Mikindani na Chaani hadi relini inaweza kuzimulika kwa bajeti yake yenyewe.

Naongeza jambo ambalo hakuna aliyeligusa. Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pa umma na kutumia usafiri wa umma. Basi hakuna stesheni hata moja, ndogo wala kubwa, itakayokabidhiwa bila mteremko wa kiti cha magurudumu. New York walijenga stesheni zao za chini ya ardhi bila kulifikiria hilo. Mwaka 2022 wakafikia mapatano ya kisheria kwamba asilimia 95 ya stesheni zifikike ifikapo 2055. Wanabomoa na kujenga upya, miaka na miaka, kwa gharama ya kutisha. Sisi ndio kwanza tunaanza. Zege la mteremko ni rahisi leo.

Mstaafu wa reli, Makande

Wanangu, nimefurahi kuona vijana wanazungumzia mahali pa kupishana. Wengi huona behewa tu.

Lakini mnachora stesheni kama ardhi iko wazi. Tembeeni kando ya reli mjionee. Kuna mitumba, kuna magereji, kuna vibanda vya chakula, kuna nyumba. Wengine wamezaliwa hapo na kuzaa hapo. Ardhi ni ya reli, naijua mipaka yake, na treni ikipita kasi karibu na meza ya muuzaji ni hatari kwake yeye. Hata hivyo nimeshaona watu wakiamshwa usiku na tingatinga kwa sababu ya mradi, na sitaki kuona tena. Kwa hivyo kabla hamjaandika Changamwe ya kwanza na Mazeras ya pili, andikeni wale wa kando ya reli watahamia wapi, na nani atawalipa, na lini.

Mleta hoja, Magongo

Mzee, hilo naliweka juu ya orodha. Pendekezo langu: uwanja wa tuktuk pale Changamwe uwe na safu ya vibanda vya kudumu, na wa kwanza kupewa wawe wale wale wanaouza kando ya reli sasa, majina yao yaandikwe kabla ya mkandarasi kuingia. Wa Chaani na Migadini mlio na vibanda hapo, njooni mseme kama mtaafiki, na kodi ya kibanda isizidi kiasi gani.