Hivi aliyechagua stendi za baiskeli za jengo letu amewahi kupanda baiskeli kweli?

Wakuu, heshima kwenu. Nina hasira, nivumilieni.

Mwaka mzima wapangaji tumelilia sehemu ya kuegesha baiskeli. Tulikuwa tunazifunga kwenye vyuma vya ngazi, msimamizi naye anabandika matangazo ya kutufokea. Mwezi uliopita stendi zikaja, tukashangilia. Leo nasema bora zile ngazi.

Ni zile stendi fupi zinazofanana na kichanja cha vyombo. Unachomeka tairi la mbele kati ya vyuma viwili, basi, umemaliza. Chuma chenyewe hakifiki hata kwenye ekseli. Yaani fremu, usukani, kikapu na kiti cha mtoto vyote vinategemea ringi moja visidondoke. Juzi usiku jirani alikuwa anatoa ya kwake, kanyagio likanasa kwenye spoku za yangu, zikalala baiskeli tano kwa mpigo. Asubuhi nikazungusha gurudumu: spoku mbili zimekatika, ringi inayumba kama mlevi, diski ya breki imepinda na inakwaruza pedi kila ikizunguka. Kwaru. Kwaru. Kwaru. Fundi hakuuliza hata nimegonga nini. Aliuliza, "Uliiegesha wapi?"

Wizi nao. Kufuli langu la chuma lenye umbo la U halifiki kwenye fremu, kwa hiyo nafunga gurudumu la mbele tu. Kwa baiskeli ambayo gurudumu linafunguliwa kwa mkono, mwizi anageuza kile kishikio, anaondoka na baiskeli, wewe unabaki na gurudumu na kufuli lako zima kabisa. Na stendi yenyewe imekazwa kwa bolti za kawaida. Nilichukua spana yangu namba 17, nati ikafunguka bila ubishi. (Niliikaza tena, msije mkaniita mwizi mimi.)

Nikaiuliza kamati mlichaguaje. Jibu: "Ina nafasi 12." Nafasi 12 za kwenye karatasi! Nimepima, kati ya tundu na tundu ni sentimita 35. Usukani wangu una 64. Tunachomeka moja, tunaruka moja, na hapo bado nyaya za breki zinakwamana. Zinaingia sita.

Kitu kinachotakiwa wala si cha ajabu. Bomba nene lililokunjwa kama U iliyopinduliwa, zile wanazoziita stendi za Sheffield. Baiskeli inaegemea kwa fremu, unafunga fremu na gurudumu kwa pamoja, moja upande huu na nyingine upande ule. Achia kama mita moja kati ya stendi na stendi, sogea mbali na ukuta, miguu ifukiwe kwenye zege. Chuma kiwe cha mabati, yaani kilichochovywa zinki, maana rangi tupu itachubuliwa na makufuli na kutu itaanza hapo hapo. Stendi sita za hivyo zinabeba baiskeli 12 za kweli.

Sasa baada ya kelele zangu kuna mjumbe kaja na wazo la kulabu, eti tuzining'inize ukutani kuokoa nafasi. Sawa, kwa kijana mwenye baiskeli nyepesi. Mama wa ghorofa ya pili ana baiskeli ya umeme ya kilo 25. Nani atakuwa anamnyanyulia kila jioni, huyo mjumbe? Zile stendi za ngazi mbili, baiskeli moja juu ya nyingine, zenye springi ya kusaidia kunyanyua angalau zinajadilika, ila dari letu la chini lile, sijui kama amelitazama.

Kikao cha wapangaji ni Jumamosi. Wenye stendi nzuri kwenye majengo yenu tupieni picha na vipimo hapa, nitavichapisha niende navyo. Ringi yangu pia naenda nayo, naiweka mezani mbele ya mwenyekiti.